Ripoti ya Mkuu wa Mashuka

Mama aliacha kunijua Jumanne moja asubuhi, nikiwa nimemshikia kikombe chake cha chai. Alinitazama juu hadi chini, akaniuliza ni nani aliyenifungulia mlango. Nikamwambia ni mimi, mwanao. Akacheka kile kicheko cha adabu anachowapa watu wanaouza vitu mlangoni, akasema mwanawe ni mdogo na saa hizi yuko shule. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja na goti bovu.

Wiki mbili zilizofuata sitaki kuzisimulia zote. Hakula kitu kutoka mkononi mwangu. Hakukubali nimvue nguo, na mtu asiyeoga wiki mbili, hata awe mama yako mzazi, nyumba nzima inapata habari zake. Nikimsogelea na taulo alijibanza pembeni mwa kitanda akapiga mayowe, mpaka jirani yetu fundi cherehani akawa anakuja kusimama dirishani, sindano mdomoni, kuhakikisha simchinji mtu. Niseme mapema kwamba mimi si mtu mpole. Hasira zangu ziko karibu, na nimezirithi kwake.

Mama alikuwa mkuu wa kufulia katika hospitali kubwa kwa miaka thelathini na miwili. Msifikirie ndoo na sabuni. Kilikuwa chumba kirefu chenye mashine sita, mapipa ya kuchemshia, pasi za mvuke na wanawake kumi na wanne waliovaa magauni ya buluu yenye kola nyeupe. Kila shuka la hospitali ile, la mzazi, la mgonjwa, la marehemu, lilipita mbele ya macho yake. Chumba kiligawanywa kwa mstari mwekundu uliopakwa sakafuni. Huku upande mchafu, kule upande safi, na hakuna aliyevuka mstari bila kuoga na kubadilisha nguo, hata daktari. Daktari mmoja alijaribu. Alirudishwa mlangoni kama mtoto aliyekanyaga matope.

Upande safi ndiko walikokunjia. Shuka hukunjwa na watu wawili: unashika kona zako, mwenzako anashika zake, mnalivuta likaze, mnakutana katikati, unampa kona zako unainama kuokota mkunjo wa chini. Kona zikipishana hata kwa upana wa ukucha, shuka linafunguliwa, kazi inaanza upya. Wafanyakazi walimwita Mkuu. Akiwapa mgongo walimwita Kona. Akikasirika hakupiga kelele. Alishika kalamu iliyoning'inia kifuani mwake akasema, taratibu, kwamba ataandika ripoti. Nimeona wanawake wenye wajukuu wakitetemeka kwa maneno hayo.

Mimi nilikulia humo. Nikitoka shule nilikwenda moja kwa moja kwake, nikamfuata nyuma hatua kwa hatua, mashine hadi mashine, mpaka akanipa jina la Kisigino. Hakuna mwingine duniani aliyewahi kuniita hivyo. Kaka yangu aliwahi kujaribu, nikamng'ata.

Gauni la buluu lilikuja kwa bahati tu. Siku ile nguo zangu zote zilikuwa zimelowa au zimechafuka, nikafungua sanduku lake la zamani, nikavaa nilichokikuta juu. Nilipoingia chumbani kwake alikuwa amejikunyata ukutani kama kawaida. Akaona kola nyeupe. Mgongo ukanyooka.

"Wewe ndiye yule mpya?" akauliza.

Nikajibu ndiyo. Akanisahihisha: ndiyo, Mkuu. Kisha akanigombeza kwa kuchelewa, na mimi nikasimama pale na kichwa chini, bila kubisha, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kwa siku kumi na nne kuongea na mimi bila kuogopa. Nikamwambia zamu ya upande safi inaanza, Mkuu, tunatakiwa kuoga kwanza. Akainuka. Akaenda bafuni kwa miguu yake mwenyewe, akiniuliza njiani kama nimefundishwa kutenganisha mashuka ya damu na mashuka ya kawaida.

Ndivyo tulivyoishi miaka miwili. Nilijiajiri katika nyumba ya mama yangu. Nilivaa gauni asubuhi, nikalivua akishalala. Jina langu lilikuwa Mpya, na nilibaki Mpya miaka yote miwili, sikupandishwa cheo hata siku moja. Chakula nilimpa kwa kumwambia ni chakula cha mkuu wa zamu. Dawa alimeza kwa sababu ni amri ya hospitali. Mchana tulikunja mashuka, yale yale manane, tunayakunja, nayafungua nyuma ya mlango, tunayakunja tena, na yeye anasahihisha kona zangu. Duka langu la vifaa vya shule nilishalifunga. Mume sikuwa naye tangu zamani, kwa hiyo huyo hakupata shida.

Kaka yangu, ambaye anakaa mji mwingine na anajulikana ukoo mzima kwa jina la Bwana Kesho kwa sababu ya mipango yake, alipiga simu kila Jumapili. Sauti yake Mama aliijua. Hilo lilinichoma na sitalificha. Mtu aliyekuwa sauti tu, dakika kumi kwa wiki, alijulikana kwa jina lake, cheo chake na kitovu chake. Mimi niliyekuwa nakata kucha za miguu yake nilikaa pembeni nikimsikiliza Mama akimwambia kwamba yeye hajambo, anatunzwa, kuna msichana wa kazi. Halafu kila Jumapili, bila kukosa, alishusha sauti.

"Kisigino ndiye haji," alimwambia. "Kisigino amenitupa."

Kaka alidhani ni ugonjwa unaongea, akampoza na maneno mawili matatu. Hakuuliza msichana wa kazi ni nani na mimi sikumwambia. Niliona aibu. Ungemwelezaje mtu kwamba umekuwa kijakazi wa mama yako ili akuruhusu umwogeshe?

Kwa hiyo nilitaka kitu kimoja tu. Sikutaka apone, daktari alishaniambia ugonjwa wa kusahau haurudi nyuma. Nilitaka mara moja, kabla hajafa, anitazame mimi, aseme Kisigino. Jumapili jioni, simu ikiisha, nilivua gauni la buluu, nikavaa gauni langu la njano alilonishonea mwenyewe zamani, nikakaa kwenye kiti mlangoni pake na kungoja. Alinitazama kidogo, kisha akaanza kuhangaika na kumwita Mpya. Alimwita Mpya aje amtoe mgeni chumbani. Nami nilikwenda kubadilisha nguo, nikarudi nikamtoa.

Sasa nafika pale ambapo ningependa kuruka.

Ilikuwa mwezi mmoja kabla kaka hajaja kututembelea. Nyumba ilikuwa na harufu tangu Jumatatu. Nilisugua choo, nikasugua sakafu, nikachungulia chini ya kitanda, sikuona kitu. Alhamisi asubuhi nikafungua kabati la mashuka safi. Kila alipojichafua usiku, na mimi nikidhani ana nafuu kwa sababu kitanda kilikuwa kikavu, alikuwa ametoa shuka, akalikunja peke yake, lile shuka la watu wawili, na kuliweka katikati ya safi. Manne. Kona kwa kona, bila kupishana hata unywele. Uchafu ulikuwa umepenya chini na juu, hadi kwenye nguo zake, hadi kwenye taulo, na hadi kwenye lile gauni la njano nililokuwa nalificha humo.

Sikuwa nimelala vizuri wiki hiyo. Hiyo si sababu, nasema tu. Nilianza kuyavuta yale mashuka na kuyatupa sakafuni, na yeye akaja mbio, akanishika kola, akaniambia mimi ni mchafu, nimevuka mstari, nimeharibu upande safi. Aliyarudisha kabatini kwa mikono yake. Nikayatoa. Akayarudisha. Mkono wake wenye uchafu ukanipitia mdomoni.

Nikampiga kofi la shavu. Nikampiga la pili. La kwanza ningeweza kusema mkono uliniponyoka. La pili nililitaka.

Hakulia. Mkono wake ulipanda kifuani kutafuta kalamu ambayo haikuwapo miaka ishirini.

"Nitaandika ripoti," akasema.

Na mimi nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikamuuliza atamwandikia nani. Nikamwambia hakuna mtu anayekuja hapa.

Kisha nilimwogesha, akatulia kabisa, akainua mkono nilipomwambia ainue. Nilifua siku nzima. Ilipofika saa sita mchana aliniuliza kama nimeshakula, nikajipa moyo kwamba amesahau. Ugonjwa ule uliniibia kila kitu, nikaona angalau hilo unipe. Ni kweli kwamba baada ya siku ile, nikiinua mkono kuanika nguo kwenye kamba, alikuwa anageuza uso. Nililiona nikajifanya sijaliona. Kofi sikurudia. Kiganja nilimbana mara mbili tatu, wakati wa dawa, zaidi ya ilivyohitajika.

Kaka alikuja Ijumaa na mfuko wa machungwa. Mama alimpokea kwa jina lake lote, akamsifia viatu. Niliuficha ule mchezo wetu kadiri nilivyoweza. Gauni la buluu nikalitundika nyuma ya mlango wa bafu, na kazi za Mama nikazifanya alfajiri kaka akiwa bado anakoroma. Jumamosi, baada ya kunitazama vizuri kwenye mwanga, alisema nimechoka na kwamba niondoke nyumbani hadi jioni, yeye yupo. Nilitaka kubishana nikajikuta nimeshavaa viatu. Gauni la njano nilikuwa nimelifua mara tano, likarudi kuwa gauni, nikalivaa. Nilikwenda saluni. Msusi aliosha kichwa changu kwa maji ya vuguvugu, na kwa kuwa ni muda mrefu hakuna aliyeniosha mimi, machozi yalinitoka, nikasingizia sabuni.

Nilirudi kama saa kumi. Kaka alikuwa jikoni, nikasikia vikombe. Mama alikuwa kwenye kiti chake dirishani, jua la alasiri limemlalia mapajani. Nilisimama mlangoni bila matumaini yoyote, kwa mazoea tu.

Akageuka.

"Kisigino," akasema.

Nilishika fremu ya mlango. Akanitazama vizuri, kwa yale macho yake ya zamani, ya kukagua.

"Umenenepa," akasema. "Njoo hapa."

Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake, goti bovu na zima. Alinishika uso kwa mikono miwili. Akaniuliza nani amenisuka, akasema amekaza mno upande wa kushoto. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja, pua inanitiririka kama mtoto, na yeye akanifuta kwa ncha ya nguo yake, kama alivyokuwa akinifuta zamani kati ya mashine ya tatu na ya nne. Sijawahi kufurahi hivyo maishani mwangu. Nasema kwa uhakika, nimeshapima.

"Nilikuwa nakungoja," akasema. "Nina jambo la kukwambia."

Akatazama mlango. Akaniinamia hadi nikahisi pumzi yake sikioni.

"Yule mpya. Mwenye gauni la buluu. Ananipiga."

Nilisema Mama, basi.

"Nisikilize kwanza, nisije nikapoteza. Alinipiga hapa." Aligusa shavu. "Akanipiga tena hapa hapa. Nikamwambia nitaandika ripoti, akanicheka, akasema hakuna mtu anayekuja. Nikanyamaza. Nilijua wewe utakuja." Akanishika mkono, ule wa kulia. "Kila kitu kinanitoroka siku hizi, Kisigino. Hili nimelishika. Kila nikiamka najikumbusha, nimwambie Kisigino. Usiniache naye."

Niliutazama mkono wangu ndani ya mikono yake. Alikuwa anaupapasa.

"Nitamfukuza, Mama."

"Leo?"

"Leo hii."

Akashusha pumzi, mabega yakalegea, akaegemea kiti. Aliniambia mimi ni mtoto mzuri, kwamba alijua hataachwa. Aliendelea kuupapasa mkono wangu huku akitazama nje, na polepole vidole vikapunguza mwendo, vikasimama. Alipogeuka tena kunitazama alikuwa na kile kicheko cha adabu. Akaniuliza kama nimekuja kuuza kitu.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Sijui tangu lini, ila chai ilikuwa imemwagika kwenye visahani. Akaniita ukumbini. Sijawahi kumwona na hasira za namna ile, yeye mtu wa kuahirisha hata kukasirika. Alitaka kujua kwa nini sikumwambia kwamba huyo msichana wa kazi yupo kweli, anakaa wapi, jina lake nani. Alisema anakwenda polisi sasa hivi, si kesho.

"Unaongea naye," nikamwambia.

Hakuelewa. Nikamwonyesha gauni nyuma ya mlango wa bafu, nikamweleza yote, kuanzia kikombe cha chai hadi kofi la pili, kwa maneno machache, macho makavu. Aliweka sinia chini. Alinitazama usoni, kisha akatazama mikono yangu, akakaa kitini na kujifunika uso. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nataka anitukane.

Badala yake harufu ikatufikia, wote wawili kwa wakati mmoja. Mama alikuwa amejichafua pale kwenye kiti.

Kaka akaruka. Alisema mimi nisimguse, akasema kwa sauti ambayo nadhani nitaisikia siku zangu zote, kwamba atamwosha yeye. Akakunja mikono ya shati. Nilibaki ukumbini nikamsikia akimbembeleza, mama, ni mimi, simama kidogo tu. Nikamsikia akimbembeleza kwa nguvu zaidi. Kisha mayowe yakaanza, yale ya wiki mbili za kwanza, kwamba kuna mwanamume anamvua nguo, kwamba jamani watu mko wapi. Kitu kikaanguka. Dirishani kivuli cha fundi cherehani kikasimama.

Alitoka baada ya robo saa. Shati limelowa na kuchafuka, shingoni ana mkwaruzo. Alipita karibu yangu akaenda kusimama mbele ya ukuta, kama mtu anayesoma tangazo.

"Siwezi," akasema. "Hataki."

Huko ndani mayowe yalikuwa yamegeuka kilio chembamba, cha mtu aliyechoka.

"Livae," akasema kaka, bila kugeuka. "Livae hilo gauni, umwogeshe."

Nililitoa msumarini nyuma ya mlango wa bafu. Nililivaa ukumbini, juu ya gauni la njano, nikafunga vifungo hadi kwenye kola. Kaka hakunitazama. Keshoye aliondoka na basi la asubuhi, na mezani aliacha namba ya nyumba moja ya kutunzia wazee, akasema atapiga simu tulizungumze. Bado tunalizungumza.

Nilipoingia chumbani Mama alikuwa amesimama kati ya kiti na kitanda, nguo imemganda miguuni. Alipoona kola nyeupe mkono wake ulipanda kufunika shavu. Kisha akaushusha mwenyewe, taratibu, mgongo ukanyooka.

"Mwanangu alikuja leo," akasema.

"Ndiyo, Mkuu."

"Nimempa ripoti. Amesema atakufukuza leo hii."

"Ndiyo, Mkuu. Ameshaniambia."

Alilifikiria hilo. Alitazama chini, akaona hali yake, akatazama mlango mtupu nyuma yangu, akangoja kidogo kama kuna mtu atatokea.

"Basi maliza zamu kwanza," akasema. Akanyoosha mikono nimvue, na uso akaugeuzia ukutani.